Maharagi ya Ukutani

Jumapili, tarehe 7 Septemba

Kama Goma ingekuwa na watu wawili kama mimi, volkano ingekuwa inabisha hodi kabla ya kutoa moshi. Lakini kuko mumoja tu, mimi Kambere wa mtaa wa Mapendo, na mumoja anatosha. Ninasukuma chukudu, baiskeli yetu ya mbao, imejaa makala ya jikoni, mahali ambapo pikipiki zinazimika zenyewe. Ninapiga ngoma kwa mikono miwili na kiwiko. Wasichana wa kwaya hawaniangalii, kwa sababu wakiniangalia wanasahau maneno ya wimbo. Na shule iliponifikisha deuxième, mwaka wa pili wa sekondari, ikaona aibu kuendelea kunifundisha. Sikufukuzwa. Tuliachana kwa heshima.

Leo baada ya misa Mama Rosine, mukubwa wa watoto wa parwasi yetu, ametangaza kwamba mwaka huu tutafanya Sikukuu ya Mavuno ya Watoto, Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli. Kila mutoto ataingia kanisani na kitu cha shamba mukononi, atakiweka mbele ya altari, halafu kila kitu kitapikwa na watu watakula pamoja uwanjani. Akauliza nani atamusaidia kupanga. Watu wote wakaanza kutafuta vitu vyao chini ya mabenchi.

Mimi nikasimama. "Mama, niko hapa. Na watoto wa Mapendo hawataleta kitu cha kununua sokoni. Kila mutoto ataleta kitu alichootesha kwa mukono yake."

Mama Rosine akaniangalia kama mutu aliyekuta mbuzi juu ya paa. "Kambere, kitaota wapi? Hapa ni mawe matupu."

"Mama, mawe ya hapa tunajuana."

Kanisa likacheka. Jean-Bosco naye akacheka. Huyo ndiye anaongoza watoto wa upande wa Katindo, yuko mwaka wa mwisho wa shule, Kifaransa kimemujaa mpaka puani. "Sisi tutakuja na chukudu nzima ya kabichi," akasema. "Tutaona hayo mawe yatazaa nini, petit."

Petit! Mimi, mudogo! Ananizidi mwaka mumoja, na mimi namuzidi mabega.

Jumanne, tarehe 9

Udongo. Nimeenda na chukudu mpaka kupita Mugunga, kule kwenye barabara ya Sake ambako ardhi ni nyeusi na laini, nikarudi na magunia yamejaa. Nimepita Katindo makusudi, polepole, nikiimba.

Jumatano, tarehe 10

Udongo tena. Mugongo wangu unaomba talaka.

Jumamosi, tarehe 13

Leo nimetukanwa na mutu ambaye sijui hata nimemufanyia nini.

Nyuma ya kanisa kuko depo ya zamani, chumba cha kuwekea vitu, na Padri Edmond amemupatia mahali hapo mama mumoja muzee wa milima ya Masisi, Mama Umugwaneza, pamoja na mujukuu wake Igihozo. Walikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Mugunga, kambi ilipovunjwa wakakosa pa kwenda. Watu wote wanamuita koko, yaani bibi. Hasemi sana. Mimi nilikuwa nafikiri ni mutu wa sala.

Basi niko uwanjani na watoto, tumepanga magunia yetu ya udongo katikati, kwenye jua, safi kama askari. Koko anatoka, anashika kiuno.

"Ni nani ameshindilia udongo hivi?"

"Ni mimi, koko. Mutaalamu."

"Mutaalamu wa makaburi. Mbegu itapumua wapi? Mwaga. Mwaga yote. Weye ni mutoto wa mawe, hujui kitu."

Watoto wakaanguka kwa kicheko. Mutoto wa mawe! Sasa ndiyo jina langu, hata wale wadogo wa katekisimu wananiita hivyo. Tumemwaga, tumejaza upya vile anavyotaka yeye, na mawe madogo katikati kama bomba ili maji yashuke. Nilipomaliza nikaona ameingia na kutoka na kitambaa kimefungwa fundo. Ndani kuko maharagi, konzi moja tu, meusi, na kila moja iko na doa jeupe kama jicho la kuku.

"Haya ni ya kwetu," akasema. "Mama yangu alinipa siku naolewa. Kule juu kwetu iko baridi, maharagi ya sokoni inaoza. Hii tu ndiyo inakubali. Nilikimbia nayo ndani ya kitenge."

Nikaona mengine yana matundu. Wadudu wameanza kuyakula. Akasema kama hayatapandwa musimu huu, mwakani atafungua kitambaa akute unga. Anataka kuyapanda yote, yakauke, arudi nayo nyumbani kupanda wakati wa mvua ya Februari. Bila mbegu hiyo, harudi. Arudi kufanya nini, kuangalia majani?

Amechagua magunia matatu, ameyaweka ukutani, chini ya paa la depo. Ya katikati ni ya watoto, maharagi ya sokoni. Ya ukutani ni ya koko.

Jumamosi, tarehe 20

Yameota! Yote! Nimeita watu wa njiani waingie kuona. Mutu mumoja wa pikipiki amesema, "Ni majani tu." Nimemusamehe.

Jumatatu, tarehe 22

Kuku wa padri wamekula mimea saba. Mimi na kuku hatusemezani.

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba

Maharagi ya koko ni ya kupanda juu, si ya kutambaa chini. Amenituma matete, nimeleta, akayakataa kwa sababu ni mafupi, nimeleta mengine. Sasa yanazunguka matete kama nyoka aliyepotea. Nimemwambia kwamba mimi nikiyasemesha yanaongeza urefu. Akasema, "Basi nyamaza, yatavunja paa." Kumbe anajua kucheka. Meno yake ni machache lakini yote yanafanya kazi.

Akanionyesha namna ya kujua mbegu. Ganda linageuka njano, halafu linakauka kabisa kwenye muti wake, ukilitikisa linalia ndani, *chaka-chaka*. Hapo ndiyo mbegu. Kabla ya hapo ni mboga tu.

"Na mutu akivuna mapema, akayaanika?"

"Yanakunjamana kama uso wangu. Ukiyapanda yanaoza. Usiguse ya ukutani mpaka yalie. Unasikia, mutoto wa mawe?"

Nimesikia. Nina masikio mazuri kuliko mutu yeyote wa parwasi hii.

Jumapili, tarehe 12

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumapili, tarehe 19

Maua! Ya watoto ni meupe, ya koko ni ya zambarau. Igihozo ndiye anamwagilia ya ukutani, siku zisizo na mvua. Huyu mutoto ana miaka kenda hivi, sauti yake ni ndogo kama ya simu iliyoisha umeme, lakini kila mahali ninapoenda yuko nyuma yangu, ananiita yaya, kaka yake mukubwa. "Yaya Kambere, nibebe nini?" "Yaya Kambere, nifanye nini?" Nikimwambia simama, anasimama mpaka kesho. Mama Rosine amemuchagua kuimba peke yake siku ya Noeli, na amekuwa anafanya mazoezi kwa maharagi. Anaimba, ananiuliza kama yanapenda. Ninamwambia yanalia machozi.

Jean-Bosco amepita "kuangalia tu". Ameangalia muda mrefu. Akasema, "Mh." Hiyo *mh* ni Kifaransa cha kushindwa.

Jumapili, tarehe 2 Novemba

Matatizo. Padri Edmond ametangaza kwamba mugeni kutoka kwa askofu anataka kuona sikukuu ya watoto, na siku yake ya nafasi ni moja tu: sikukuu ya Kristu Mfalme, tarehe 23 mwezi huu. Kwa hiyo fête, hiyo sikukuu yetu, itafanyika mapema kwa karibu mwezi mzima.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga makofi pia. Maganda yetu bado ni mabichi kabisa!

Jumatatu, tarehe 3

Nimemwambia koko. Nilikuwa naogopa atanipiga na fimbo ya matete. Akakaa, akafikiri.

"Ya batoto si ya mbegu," akasema. "Yavune mabichi, yang'oe na majani yake, yatapendeza. Ya kwangu yaache. Yatakauka mbele ya Noeli."

"Koko, mugeni wa askofu akiona ya ukutani atashangaa, ni marefu kuliko mulango!"

"Ashangae akiwa amesimama mbali."

Basi ndivyo tumepatana. Ya katikati kwa altari, ya ukutani kwa Masisi. Mama Rosine amesema kila mutoto atabeba mumea muzima, mizizi na majani na maganda, wakiwa mustari mumoja, kama msitu unatembea. Hilo wazo ni langu. Mama Rosine anasema ni lake, lakini ni langu.

Jumapili, tarehe 9

Mazoezi ya mustari. Wanne wamegongana. Mumoja amelia. Sawa tu.

Jumatatu, tarehe 17

Sitaki kuandika, lakini nani mwingine ataandika.

Saa nane mchana mbingu ikageuka rangi ya chuma. Nilikuwa njiani na mzigo. Nikasikia kwanza kwenye mabati ya mbali, kelele kama malori yanamwaga changarawe, halafu ikanifika: mvua ya mawe. Mawe makubwa, ya kuumiza. Nikaacha chukudu na mzigo wa watu katikati ya njia, nikakimbia. Sijawahi kukimbia hivyo hata kwa ajili yangu mwenyewe.

Nilipofika uwanjani, watoto watatu walikuwa wameshika bashi moja, turubai la plastiki, wanajaribu kufunika magunia, na Igihozo yuko katikati, amefunika gunia kwa tumbo lake. Mawe yanamupiga mugongoni. Nikamutoa kwa nguvu. Alikuwa anapiga kelele, "Yaya, yanavunjika! Yanavunjika!" Nikamusukuma ndani ya depo kwa koko, nikarudi, nikachukua bashi, upepo ukaninyang'anya kama mutu anayenyang'anya mutoto mukate.

Ilipoisha, uwanja ulikuwa mweupe. Watoto wadogo walikuwa wanaokota barafu na kula. Ya katikati yote yamelala. Majani yamekuwa matambara, maganda yako chini yamechanwa, udongo umetoka kwenye magunia umepotea kati ya mawe ya volkano. Hakuna hata mumea mumoja wa kubeba.

Ya ukutani, chini ya paa, hayajaguswa. Marefu, mabichi, yamejaa maganda, yanatikisika kidogo tu, kama watu waliotoka kuoga.

Koko akasimama mulangoni. Alinishika bega. Hakuniita mutoto wa mawe.

Jumanne, tarehe 18

Mama Rosine anasema tutabeba chochote, hata mboga ya lenga-lenga ya jirani. Mimi nilisema mbele ya kanisa zima: *kwa mukono yake*. Watu wanaanza kuniuliza njiani. "Kambere, mawe yako yanasemaje?" Muuza mandazi pale kona amecheka mpaka mafuta yakamuunguza. Amestahili.

Ijumaa, tarehe 21

Jean-Bosco amekuja nyumbani kwetu Mapendo. Nikajua amekuja kuchekelea. Mama akamupa kiti. Mama yangu anapenda kila mutu anayejua kuandika barua.

"Nimesikia habari ya mvua," akasema. "Pole. Sisi tuko na kabichi nyingi, zaidi ya batoto wetu. Tuingie pamoja, Mapendo na Katindo mustari mumoja. Batoto bako babebe kabichi zetu. Hakuna mutu atauliza."

Nilimuangalia usoni kutafuta dharau. Sikuipata, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

"Asante," nikasema. "Tuko na za kwetu."

"Za wapi? Si ziliisha?"

"Utaona Jumapili."

Akainuka, akamuaga mama. Mulangoni akageuka: "Kambere, batu bananisumbua mimi pia na hii fête. Haikuwa lazima iwe vita."

Mama akanigombeza mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa na wazo.

Jumamosi, tarehe 22

Koko ameenda Mugunga asubuhi, kwenye matanga ya mama mumoja waliyekuwa naye kambini. Atarudi kesho.

Mchana nimefika depo. Igihozo amesema koko amekubali tutumie ya ukutani kwa mustari tu, halafu tuyarudishe, tuyafunge juu ndani, chini ya paa, yakauke pole pole pamoja na mizizi. Basi nimefungua kamba za matete, tumeyang'oa na Igihozo, taratibu, hata mizizi haikukatika. Tumeyalaza kwenye maji ndani ya beseni. Ni marefu sana. Ni mazuri sana.

Ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, tarehe 23, Kristu Mfalme



Kwanza nitasema utukufu. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Katindo wakaingia mbele, Jean-Bosco na chukudu yake imepakwa rangi, kabichi kama milima. Makofi. Halafu ngoma yangu, na watoto wa Mapendo wakatoka nyuma, wakiwa wameshika yale mashina juu ya vichwa vyao, mumoja nyuma ya mwingine, majani yakigusa huku na huku, maganda yananing'inia. Watu wakanyoosha shingo. Kweli msitu ulikuwa unatembea. Igihozo alikuwa mbele, na shina refu kuliko yote. Mama mumoja akapiga vigelegele, wote wakafuata. Mugeni wa askofu akasimama. Nilipiga ngoma nikajisikia ninaweza kuamuru mvua.

Wakati huo nikaona koko mulangoni. Ametoka Mugunga, viatu vina matope, bado ameshika kitenge chake cha matanga. Alikuwa anaangalia mashina yake yanapita juu ya vichwa. Hakupiga vigelegele. Alimuangalia Igihozo mpaka Igihozo akafika altari na kuweka shina lake.

Nilikuwa nimefikiri kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo kila mutoto wa katekisimu analijua: kilichowekwa mbele ya altari hakirudi. Ni sadaka. Baada ya misa wamama wa jikoni wakaja na mabeseni, wakachukua vyote, kabichi, ndizi, viazi, mashina ya koko. Nilikimbia nyuma yao. "Mama, hayo tunayarudisha!" Mama mukubwa wa jikoni akanicheka: "Weye unataka kumunyang'anya Mungu?" Mugeni wa askofu alikuwa pale pale, ananiwekea mukono kichwani, ananiuliza jina langu. Nilisema nini? Nilisema Kambere. Nilipogeuka walikuwa wameshaanza kumenya, maharagi mabichi, meupe bado, hata doa lile la jicho halijatokea vizuri, yanaanguka ndani ya sufuria moja pamoja na vyakula vya watu wote.

Watoto walikula. Watu wazima walikula. Walisema hawajawahi kula maharagi matamu hivyo. Padri Edmond ametangaza kwamba mwaka ujao Kambere ndiye ataongoza fête nzima. Makofi.

Koko akanikuta nyuma ya depo, mbele ya magunia matupu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Ni nani alikuambia uvune?"

Nikamwambia kama nilivyoandika jana, kwamba Igihozo alisema amekubali. Igihozo alikuwa amesimama pale na sahani yake. Akaniangalia mimi, sahani ikainama, mchuzi ukamwagika. Koko akamuangalia mutoto. Halafu akaniambia mimi, "Asante kunieleza." Akaingia ndani.

Jumatatu, tarehe 24

Nimeokota mashina mawili yaliyoanguka njiani kwenye mustari, watoto waliyakanyaga lakini maganda mengine ni mazima. Nimeyafunga chini ya paa la kwetu, juu ya jiko la mama, mahali pa joto. Yatakauka. Mutu anayejua anasema yanaweza.

Mutu huyo ni mimi.

Alhamisi, tarehe 27

Mvua. Maganda yamekuwa laini. Mama anauliza kama ninafanya mazishi ya majani jikoni kwake.

Jumapili, tarehe 30

Watu wananisalimia njiani kama shefu wa avenue, mukubwa wa mtaa. Muuza mandazi amenipa mawili ya bure. Jean-Bosco amekuja kunishika mukono: "Umetushinda, kweli." Nilitamani anitukane.

Igihozo hakuja mazoezi ya Noeli. Mama Rosine amesema ni yeye mwenyewe aliyemwambia abaki nyumbani kwanza. "Koko amenieleza. Mutoto anayesema uongo juu ya koko yake, na koko amepoteza vile, siwezi kumusimamisha mbele ya watu aimbe Gloria. Ajifunze." Wimbo wake amepewa mutoto wa Katindo.

Nikasema, "Lakini Mama, bado ni mudogo."

"Uongo hauna udogo, Kambere. Weye mwenyewe ulidanganywa. Ungemuhurumia koko."

Jumatano, tarehe 3 Desemba

Nimefungua maganda ya jikoni. Yamekunjamana, mengine yana ukungu wa kijani. Nilichagua yaliyo afadhali, nikayafunga kwenye kikaratasi, nikampelekea koko. Akayamwaga kwenye kiganja, akaponda moja kwa kidole gumba. Likapasuka kama sabuni.

"Umejaribu," akasema. Kwa upole! "Weye ni mutoto muzuri. Ulikuwa unasikia, huyu wangu ndiye hasikii."

Igihozo alikuwa amekaa pembeni, anaosha vyombo, hakuinua kichwa. Sikuitwa yaya. Koko akasema hatarudi tena Masisi musimu huu. Labda musimu mwingine, labda hapana. Dada wa yule marehemu wa Mugunga amemwambia anaweza kumupa mahali pa kuuza makala. Alisema hivyo kama mutu anayesoma bei ya kitu.

Jumamosi, tarehe 6

Sikusukuma chukudu leo. Nilikaa nje ya kanisa. Mutoto wa Katindo anaimba vizuri. Si kama yule mwingine.

Jumapili, tarehe 7

Padri Edmond amenitaja tena kwenye matangazo. Nimetoka kabla hajamaliza.

Nimekuwa ninajaribu kupanga nani ameharibu. Mvua ya mawe iliharibu. Mugeni wa askofu na siku yake moja, aliharibu. Jean-Bosco na kabichi zake. Wamama wa jikoni waliokuwa na haraka. Mimi mwenyewe, sawa, niliringa mno mbele ya kanisa, hilo nalikubali, kila mutu anajua ninaringa. Niling'oa kitu kibichi, hilo pia nalikubali. Nimezunguka yote hayo wiki mbili kama maharagi yanayotafuta tete.

Lakini kama si uongo, mavuno ya koko yangekuwa yamepotea tu, na koko angekuwa na mujukuu wake, na mujukuu angekuwa na wimbo wake. Hicho ndicho kimeharibika kweli, na nimekiandika kwa uongo hapa mwenyewe, tarehe 22, kwa mwandiko wangu muzuri.

Si Igihozo aliyesema siku ile kwamba koko amekubali. Nilipoanza kufungua kamba alinishika mukono, akauliza, "Yaya, koko anajua?" Ni mimi nilimwambia anajua, amekubali. Akaniachilia mukono, akanisaidia kung'oa, kwa sababu mimi nikimwambia kitu anafanya. Na koko aliponiuliza, nikamugeuzia mutoto maneno yangu mwenyewe, yeye akiwa amesimama pale na sahani.